Uzito wa Mfuko Mtupu

"Robo kilo," nilimwambia Mkurugenzi, nikaisogeza mizani karibu na pua yake. "Tazama mwenyewe. Mfuko hauna kitu, nimeukung'uta mbele yako. Robo kilo."

"Naona," akasema. "Kumbe mizani bado nzima. Tuliinunua lini hii?"

"Usinipeleke kwenye mizani, Mkurugenzi. Tunazungumza habari ya mfuko."

"Mama Mhoja, tangu saa mbili asubuhi unanionyesha mfuko. Nimeuona. Ni mfuko mzuri. Takwimu zimeshapelekwa maofisini, imebaki masjala yako tu. Sasa nenda kaandike magunia milioni mbili, Waziri anakuja keshokutwa."

"Siandiki."

"Utaandika."

"Milioni mbili ya nini? Ya mifuko?"

"Ya mahindi! Daftari lako mwenyewe linasema robo kilo kwa kila kipande. Vipande sitini vyote robo kilo, hakuna hata kimoja kilichopishana na mwenzake. Umewahi kuona takwimu zenye nidhamu kama hiyo? Haya, wewe mwenye diploma, tupige hesabu. Kipande ni mita za mraba ishirini na tano. Vipande mia nne vinafanya hekta. Robo kilo mara mia nne ni kilo mia. Kilo mia ni gunia. Mwaka wa Nane wa uhuru nchi ilikuwa na hekta milioni mbili za mahindi. Nimekosea wapi?"

Hesabu haikukosea. Hilo ndilo lililoniudhi. Bwana Lugendo amekuwa Mkurugenzi wangu kwa miaka sita, na ni mtu mvivu kwa mambo mengi, lakini kuzidisha anajua.

"Umekosea pale ulipofanya mfuko kuwa mahindi," nikamwambia.

Akaegemea kiti, akaunganisha vidole juu ya tumbo.

"Na watu nchini mwaka ule walikuwa wangapi? Milioni mbili. Gunia moja kwa kila kinywa, Mama Mhoja. Kila kinywa! Hata mtoto wa kunyonya alikuwa na gunia lake."

Nikauchukua mfuko wangu, nikaukunja, nikatoka. Sikutoka kwa kushindwa. Mizani ile ni ya chuma, na nilikuwa nimeanza kuona jinsi inavyonikaa vizuri mkononi.

*

Kwa asiyeifahamu nchi yetu, ni nchi nzuri. Haina njaa. Ilikuwa nayo zamani, lakini Bunge lililifuta neno hilo kwa kura zote, na tangu hapo watu wetu hufa kwa homa, kwa uzee na kwa uzembe. Mganga wa zahanati akiandika sababu nyingine hurudishiwa cheti chake akiandike upya kwa mwandiko mzuri.

Mimi ni mtunza masjala katika Idara ya Mavuno Yaliyopita. Watu huniuliza kazi ya idara hii ni nini, nami huwajibu kama nilivyoelezwa siku ya kwanza. Serikali ilijaribu miaka mingi kuongeza mavuno ya mwaka ujao, ikaona kwamba mvua haitii amri. Ikajaribu kuongeza ya mwaka huu, ikaona mwaka huu una wakulima, na wakulima wana midomo. Lakini mavuno ya zamani hayahitaji mvua wala mbolea. Yanahitaji kalamu na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Kwa hiyo tukajengewa ghorofa mbili, na wenzetu wanaohusika na mavuno ya sasa wakabaki kwenye lile banda lao linalovuja.

Tuna vyanzo vya aina nne, na tunaviheshimu vyote.

Cha kwanza ni ripoti za bwana mkubwa wa kikoloni. Huyu alikuwa akipita barabarani kwa gari mara moja kwa mwaka, akitazama mahindi ya kandokando na kuzidisha kwa ukubwa wa wilaya. Waliokutwa na mahindi mabovu walichapwa viboko. Basi watu wakawa wanapanda safu tatu nzuri barabarani, wanazipalilia na kuzimwagia samadi yote waliyo nayo, na nyuma ya safu hizo tatu ni kichaka. Ndiyo maana vitabuni wilaya zenye barabara nyingi zilikuwa na neema kubwa.

Cha pili ni shajara za misheni. Padre alikadiria mavuno kwa kutazama sadaka. Mwaka mmoja aligombana na waumini wake juu ya pombe, wakaacha kuleta vikapu, na mpaka leo vitabu vyetu vinaonyesha ukame mkali katika bonde lile. Mto wenyewe uliendelea kutiririka.

Cha tatu ni ripoti za maafisa wa wilaya baada ya uhuru. Hawa walichukua mavuno ya mwaka uliotangulia wakaongeza tano katika kila mia, kwa sababu aliyeandika pungufu alihamishiwa mpakani. Wilaya moja iliendelea kuvuna, na kuongezeka, kwa miaka sita baada ya kufunikwa yote na maji ya bwawa.

Cha nne ni daftari za wapimaji. Hawa walikuwa watu wa chini, wenye kamba, mizani na mfuko, waliotembea kwa miguu hadi shambani na kupima kilichokuwepo. Ni vyanzo vichache sana, na ndivyo vinavyotuletea matatizo.

*

Daftari la Mwaka wa Nane lililetwa masjala na aliyeliandika, mpimaji Ndalahwa, siku alipostaafu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti lililokatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Alilitoa kwenye kitambaa kama mtu anayetoa mtoto kwenye mbeleko.

"Liandikishe, mama," akaniambia. "Nimelikalia miaka kumi na saba. Sitaki lipotelee kwangu nikifa."

Nilipolifungua nikaona robo kilo, robo kilo, robo kilo, kurasa sitini. Nikamuuliza imekuwaje.

"Fomu ilikataza sifuri," akasema. "Soma pale chini."

Nikasoma. Palikuwa na maandishi madogo: *Mpimaji haruhusiwi kuandika sifuri. Sifuri ni dalili ya mpimaji ambaye hakufika shambani.*

"Nami nilifika," Ndalahwa akasema. "Mashamba yote sitini nilifika. Nilipiga kamba mita tano kwa tano, nikatafuta gunzi hata moja. Hakuna. Sasa nifanye nini? Nikiandika sifuri nafukuzwa, na mimi nina watoto. Nikiandika mahindi nasema uongo. Basi nikatundika mfuko mtupu kwenye mizani, nikaandika ulichosema mshale. Sikusema uongo, mama. Mfuko ulikuwa na robo kilo."

"Na ulimweleza nani?"

"Nilimweleza bosi wangu. Akasema andika."

Kulikuwa na sharti jingine kwenye fomu ile. Kipande hakikuhesabiwa kuwa kimepimwa mpaka mwenye shamba aweke dole gumba. Asipoweka, mpimaji aandike sababu katika safu ya tisa. Serikali ilikuwa inaogopa wapimaji wanaojaza fomu kilabuni, ikaweka safu ya tisa kuwabana.

Kwa hiyo Ndalahwa, mtu mtiifu, aliijaza safu ya tisa. *Amefariki. Amefariki. Amekwenda kuchimba mizizi ya porini, hajarudi. Yupo ila hawezi kuinua mkono. Amefariki yeye na mke. Amefariki.* Kurasa sitini. Katika nchi nzima iliyokuwa ikifa kwa homa, hakuna karatasi nyingine iliyosema nani hakuwepo na kwa nini. Ilisemwa na fomu ya mahindi, kwa sababu fomu ilitaka kujua kwa nini mtu hajaweka dole.

Nilimshukuru, nikamwandikia stakabadhi, akaondoka. Hakunitambua, na mimi sikumwambia. Ukurasa wa thelathini na saba ni shamba letu. Safu ya tisa inasema: *Mwenye shamba yupo. Hakuweka dole. Anazika mtoto.*

Mtoto huyo ni Mhoja, mwanangu wa kwanza, mwenye miezi minane. Cheti chake kinasema homa ya kawaida. Hakuwa na homa. Nilimshika siku nzima ile, na mwili wake ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka tangu wiki mbili nyuma.

Nikapata watoto wengine watatu, nikaenda chuo nikiwa mama mtu mzima, kwa sababu mama mkwe alisema shamba limeshatuonyesha rangi yake, afadhali mmoja wetu ale mshahara. Wale watatu wako shuleni na vyuoni, wanakula, wanataka viatu. Kwa hiyo watu wanaposema mimi ni mkali, waelewe pia kwamba miaka kumi na mitano nimekuwa mkali kwa kipimo, nisije nikafukuzwa.

*

Siku iliyofuata ugomvi wa mfuko, akaja masjala mwanamke mzee mwenye barua mkononi. Nikampa kiti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Nyanzala, mke wa Salamba. Nimeambiwa hapa ndipo mnapoweka miaka."

"Ndipo hapa. Unataka mwaka gani?"

"Wa Nane. Mniazime niuonyeshe kwa Bwana Ardhi, kisha nitaurudisha."

Nikaisoma barua. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha tamu ya ofisi ya ardhi. Mashamba yaliyoachwa na wenyewe mwaka wa njaa, barua ilisema (nao walikuwa wameandika "mwaka wa upungufu wa shibe"), yanabaki mali ya wenyewe. Mashamba yaliyoachwa mwaka wa neema ni mashamba ya watoro, nayo yatachukuliwa kuwa Shamba la Mfano la Taifa. Kwa kuwa takwimu mpya zinaonyesha kuwa Mwaka wa Nane ulikuwa wa neema, Bibi Nyanzala aliyeondoka shambani mwaka huo ni mtoro, na anapewa siku thelathini.

"Uliondoka lini, Bibi?"

"Nilipomzika Salamba. Nilimbeba mjukuu mgongoni nikaenda misheni, tukala uji wa watu miaka miwili. Mvua iliporudi nami nikarudi. Nimelima pale mpaka leo. Yule mjukuu ndiye analima sasa, ana mke na watoto. Sasa nasikia nilikimbia chakula." Akacheka kidogo, bila meno. "Mimi? Kwa tumbo lile?"

Nikafungua daftari, ukurasa wa ishirini na mbili. Nikamsomea. *Robo kilo. Mwenye shamba, Salamba. Hakuweka dole. Amefariki, mke amemlaza chini ya ghala.*

Bibi Nyanzala akausogelea ukurasa. Kisha akauliza, "Imeandikwa hivyo? Chini ya ghala?"

"Imeandikwa."

"Ndivyo ilivyokuwa. Nilimlaza pale kwa sababu ya kivuli. Sikujua kama kuna mtu aliona."

Nikampeleka kwa Mkurugenzi, nikamweleza yote kwa ufupi. Bwana Lugendo alimwamkia kwa adabu, maana si mtu mbaya kwa salamu, akaisoma safu ya tisa mara mbili.

"Pole sana, Bibi," akasema. "Lakini safu ya tisa haihusu kilimo. Sisi tunatumia safu ya nne tu, ya uzito. Hizi nyingine ni mambo ya utawala."

"Mkurugenzi," nikasema, "ndani ya ukurasa mmoja, safu ya nne inasema amevuna na safu ya tisa inasema amekufa."

"Hakuna mgongano hapo. Mtu anaweza kuvuna kisha akafa. Hutokea."

"Ndalahwa mwenyewe aliniambia ulikuwa uzito wa mfuko."

"Aliandika wapi?"

"Aliniambia kwa mdomo."

"Basi si chanzo. Kilichosemwa ni mazungumzo, kilichoandikwa ni chanzo. Mama Mhoja, diploma yako ilifundishwa na nani?"

Akanirudishia daftari. Kabla sijafika mlangoni akaongeza, kama mtu anayekumbushia ufunguo, kwamba baada ya sherehe ya kesho daftari lile litastaafishwa pamoja na vyanzo vingine vilivyochoka. Kustaafishwa maana yake ni kuvishwa shada la maua, kupigiwa makofi, na kupakiwa kwenye lori la kiwanda cha trei za mayai.

"Hivyo kilimo kinaendelea kukihudumia kilimo," akasema. Alipenda sentensi hiyo. Niliisikia tena kesho yake kinywani mwa Waziri.

*

Sherehe ilifanyika uwanjani mbele ya idara, saa nne asubuhi, jua kali. Palikuwa na turubai mbili. Moja ilikuwa ya wageni, yenye viti vilivyovalishwa vitambaa. Ya pili ilikuwa ya Wakulima Mashuhuda, watu wa mashamba yale sitini, waliokusanywa kwa malori alfajiri bila kuambiwa wanakwenda kushuhudia nini. Nyuma yao wapishi walikuwa na masufuria matatu ya pilau, na harufu ilipangwa kuelekezwa kwao, nadhani, maana hata upepo siku ile ulikuwa wa serikali.

Waziri akasimama. Nitayaandika baadhi ya maneno yake kama yalivyo, kwa kuwa mimi ni mtunza kumbukumbu.

"Ndugu wananchi! Taifa lisilojua lilikula nini jana haliwezi kujua litakula nini kesho. Wapo watu, sitawataja, wanaopita wakisema kwamba Mwaka wa Nane ulikuwa mgumu. Serikali yenu sikivu haikukaa kimya. Ilituma wataalamu. Wataalamu wamechunguza kisayansi, na leo, mbele yenu, katika kitabu hiki kiitwacho Miaka Arobaini ya Shibe, natangaza rasmi kwamba mlishiba!"

Turubai ya wageni ikapiga makofi.

"Gunia moja kwa kila mtu! Na niulize, ni serikali gani nyingine chini ya jua imeweza kumpelekea mwananchi chakula hadi miaka thelathini na miwili nyuma? Ni ipi imemfikia kwa umbali huo?"

Hakuna aliyejua nyingine. Wakapiga makofi tena.

Kisha mshereheshaji akaeleza utaratibu. Kila familia itapewa Hati ya Shibe. Mkulima ataweka dole gumba chini ya maneno haya: *Mimi, wa kipande namba fulani, nakiri kwamba Mwaka wa Nane nilivuna, nikala, nikashiba.* Akishaweka dole atapita upande wa kulia kupata sahani yake ya pilau. Hakutaja kwamba hati hizo zitapelekwa ofisi ya ardhi mchana uleule. Nadhani alisahau.

Wazee waliotolewa vitandani saa kumi alfajiri wakaanza kuitazama pilau. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa na chai tu tumboni.

Mimi nilikuwa natazama kwa dirisha la masjala. Mkurugenzi akaja mbio, jasho likimtoka shingoni. "Mama Mhoja! Lori limefika. Lete daftari la Mwaka wa Nane livishwe shada, Waziri ana safari."

"Naligonga muhuri wa kutoka," nikamjibu. "Utaratibu."

"Haya, upesi!" Akarudi kwa Waziri.

Nilikuwa kweli nimeshika muhuri. Naukumbuka wakati ule vizuri. Nilikuwa nawaza ada ya muhula wa tatu, na kwamba ukurasa wa thelathini na saba utakuwa trei ya mayai, na mtu atanunua mayai, atatengeneza chai, maisha yataendelea. Ndivyo nilivyokuwa nawaza, nisijifanye shujaa.

Ndipo Bibi Nyanzala akatokea dirishani. Alikuwa ametoka kwenye mstari, Hati ya Shibe mkononi, dole lake tayari limepakwa wino. Alilishika juu mbali na kanga yake, lisimchafue.

"Mwanangu," akasema. "Wamenisomea. Wanasema nikiri nilishiba."

"Ndivyo, Bibi."

"Nina swali moja, kisha nitakwenda. Nikiweka dole hapa, Salamba alikufa kwa nini?"

Nikatafuta jibu. Nilikuwa na mengi ya ofisini. Homa. Uzee, na Salamba alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Safu ya tisa haihusu kilimo.

"Usiweke, Bibi," nikasema. "Ngoja hapo hapo."

Daftari zile za wapimaji zilishonwa kwa uzi wa katani. Nilichukua wembe tunaochongea penseli nikaukata uzi kuanzia juu hadi chini. Ninyi msiofanya kazi ya masjala hamtajua nilichofanya. Tulifundishwa chuoni kwamba chanzo hakikatwi, hakikunjwi, hakiandikwi juu, hakitolewi ukurasa hata kwa amri. Miaka kumi na mitano sijawahi kukunja pembe ya karatasi. Nikalikata, kurasa sitini zikalegea mikononi mwangu.

Nikatoa wa ishirini na mbili, nikagonga muhuri wa idara, *HALISI*, na tarehe, nikatia sahihi. Nikaupitisha dirishani.

"Huu ni wako. Mpelekee Bwana Ardhi. Umwonyeshe, usimwachie. Akitaka kuuchukua, piga yowe."

"Nirudishe lini?"

"Usirudishe."

Akaufuta wino wa doleni ukutani, ukutani kabisa, kwenye rangi mpya ya idara, kisha akaupokea ukurasa kwa mikono miwili.

Niligonga muhuri kurasa hamsini na tisa zilizobaki. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Nikatoka nje na kurasa zangu, nikapita mbele ya turubai ya wageni, nikasimama mbele ya ile nyingine. Mstari wa dole ulikuwa bado mfupi. Watu wawili tu walikuwa wameshapata sahani.

"Kipande cha kwanza!" nikaita. Nina sauti ya mama wa watoto watatu, sikuhitaji kipaza sauti. "Shamba la Mabula. Robo kilo, uzito wa mfuko mtupu. Mwenye shamba hakuweka dole. Amefariki."

Kisha mwanamume mmoja mwenye mvi akanyanyuka taratibu. "Ni baba yangu," akasema.

"Chukua. Huu ni wenu. Msiweke dole kwenye ile hati, watawachukulia shamba. Kipande cha pili! Shamba la Kulwa. Mfuko mtupu. Amekwenda kuchimba mizizi, hajarudi."

"Hakurudi," sauti ya mwanamke ikaitika kutoka nyuma. "Mpaka leo." Akaja.

Waziri alidhani ni sehemu ya ratiba. Kwa ukurasa wa tatu alipiga makofi, na wageni wote wakamfuata. Kwa wa nne akamwinamia Mkurugenzi kumuuliza ni vyeti gani vile. Bwana Lugendo akaja kwangu huku akitabasamu kwa upande unaoonekana na wageni.

"Unafanya nini?" akaninong'oneza. "Unaharibu chanzo cha taifa!"

"Nagawa."

"Utafukuzwa kazi, Mama Mhoja. Leo leo."

"Ndiyo. Ngoja nimalize. Kipande cha tano!"

Akajaribu kushika kurasa, lakini mstari wa pilau ulikuwa umeshageuka, watu wamesimama baina yangu na yeye, hawamsukumi wala hawampishi. Wapishi waliacha kupakua. Cha sita, akaja mtu. Cha saba, wakaja watatu wakilia, wakaushika ukurasa mmoja wote kwa pamoja. Cha nane, akaja binti ambaye hakuzaliwa wakati ule, akasema bibi yake hawezi kutembea lakini atamsomea.

"Kipande cha tisa," nikaita. "Shamba la Ng'wandu. Mfuko mtupu. Amefariki yeye na mke na watoto."

Hakuna aliyeitika.

Nikaita tena. Watu wakatazamana, wakageuka nyuma, wakatazamana. Nikaita mara ya tatu, polepole, kama namwita mtu aliyelala.

Nikauweka ukurasa ule chini ya nyingine zote, pamoja na wa thelathini na saba, nikaita cha kumi.